Kubana Sauti: Boksi la Chuma au Laptopu?

Binti ameingiza sauti saa nne usiku, kwa maiki moja, ndani ya chumba kilichozibwa kwa magodoro. Ubeti wa pili anauanza kwa kunong'ona, karibu ameze maneno, halafu anafika kwenye neno "niache" na kulipasua kwa kifua chote. Ukitazama mchoro wa sauti kwenye skrini, mnong'ono ni uzi na "niache" ni kichuguu. Kati yao kuna kama desibeli 18. Ukipandisha mnong'ono usikike juu ya biti, "niache" inamtoboa msikilizaji masikio. Ukiishusha "niache", mnong'ono unazama chini ya besi. Hapo ndipo fundi yeyote, awe wa Sinza au wa London, anapoitafuta kompresa, na hapo ndipo ubishi unapoanza: atumie boksi la chuma lenye mshale na nobu, au plagini iliyomo ndani ya laptopu?

Nina upande wangu, na heri niuseme mapema. Kwa sikio, tofauti iliyobaki kati ya vyombo hivi ni ndogo kuliko wanavyodai wauzaji wa pande zote mbili. Penye tofauti kubwa ni kwenye wakati wa kuamua. Boksi linakulazimisha uamue sasa hivi. Programu inakuruhusu uahirishe hadi siku ya kutoa wimbo, na hata baada ya hapo. Mengi yanayosifiwa kwa jina la "joto la chuma" ukiyachimba unakuta chini yake kuna mtu aliyeamua mapema akaendelea na kazi.

Kazi ya kompresa yenyewe si ya ajabu. Ni kama mtu aliyeshika kidhibiti cha sauti: kila sauti inapovuka kizingiti ulichomwekea, anaishusha. Ukimpa uwiano wa 4 kwa 1, sauti iliyozidi kizingiti kwa desibeli 8 inatoka ikiwa imezidi kwa 2 tu. Ukishavibana vilele, unapandisha kitu kizima, na mnong'ono unapanda nacho. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita anaiweza. Utamu na uchungu wa kompresa uko kwenye muda: inachukua muda gani kuanza kubana, na muda gani kuachia. Nyakati hizo mbili mafundi wetu huziita ataki na rilisi. Bana ngoma haraka mno, unakata ule mgongano wa kwanza wa fimbo na ngozi, na ngoma inasikika kana kwamba imefunikwa blanketi. Chelewa kidogo, mgongano unapita salama na mwili wa ngoma ndio unaoshuka nyuma yake. Sasa ngoma inasikika kali kuliko ilivyopigwa. Achia besi haraka mno, kompresa inaanza kufukuzana na kila wimbi, na besi inakwaruza. Ukimsikia mtu akisema kompresa fulani ina roho, mara nyingi anasifu ataki na rilisi yake bila kujua.

Kabla ya boksi lolote, kompresa alikuwa mwimbaji mwenyewe. Bendi za dansi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970 zilipiga na kuimba kwa pamoja kwenye mkanda, bila nafasi ya kurudi baadaye kuchezea kila sauti peke yake. Ukirekodi namna hiyo, mizani inapatikana kwa miguu: wenye tarumbeta wanasimama mbali, mwimbaji anasogea kwenye maneno ya chini na kurudi nyuma kwenye ya juu. Hadi leo mtazame mwimbaji mzoefu wa taarab jukwaani, utaona maiki inavyouacha mdomo wake kadiri sauti inavyopanda. Anabana kwa mkono, na ataki yake haikosei, kwa sababu anajua neno linalofuata kabla hajalitamka. Hilo la kujua linalofuata tulishike, tutalirudia.

Mashine ilizaliwa kwenye utangazaji. Mtambo wa redio una kikomo chake: sauti ikizidi, matangazo yanachafuka na kumwagikia kituo cha jirani. Ndiyo maana katika miaka ya 1930 kampuni ya Marekani ya Western Electric ilikuwa tayari inaviuzia vituo vya redio vikuza-sauti vinavyojibana vyenyewe. Hakuna aliyefikiria roho wala joto. Walichotaka ni kutogombana na jirani.

Miongoni mwa maboksi yaliyofuata, lile ninaloliona zuri kuliko yote kwa wazo lake ni LA-2A, lililotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Teletronix, kampuni ya Jim Lawrence huko California. Ndani yake sauti inawasha kibamba kinachotoa mwanga. Mwanga unakiangukia kijiwe ambacho ukinzani wake wa umeme hushuka kinapomulikwa, na kwa kushuka huko sauti inapunguzwa. Kwa maneno mengine, sauti inawasha taa, na taa inaituliza sauti. Boksi hili halina nobu ya ataki wala ya rilisi. Lina nobu mbili kubwa: moja ya kubana, moja ya kupandisha. Muda wote umo ndani ya kile kijiwe, na kijiwe kina kumbukumbu. Ubanaji unaanza kwa wastani wa milisekunde 10. Kuachia, nusu ya kwanza inarudi ndani ya milisekunde 60 hivi, kisha nusu iliyobaki inajivuta kwa sekunde kadhaa, ikitegemea taa iliwaka kwa ukali gani na kwa muda gani. Mwimbaji akipiga kelele ndefu, kijiwe kinachoka na kuchelewa kupoa. Akigusa neno moja tu, kinasahau upesi. Hakuna aliyekaa mezani kupanga tabia hiyo kwa ajili ya muziki. Ni asili ya kijiwe, ikaangukia kufanana na jinsi sikio linavyopenda kuongozwa.

Mwenzake ni 1176, kazi ya mhandisi Bill Putnam ya mwaka 1967, iliyoacha valvu za maboksi ya awali na kutumia transista. Huyu ni mwepesi kupita kiasi: ataki yake inaanzia mikrosekunde 20, na kasi ndogo kabisa inayoweza ni mikrosekunde 800, bado chini ya milisekunde moja. Nobu zake zinaenda kinyume cha matarajio: ukizungusha kulia hadi mwisho ndipo kasi inapokuwa kubwa, jambo ambalo limewapotosha mafundi wapya kwa zaidi ya nusu karne. Ana vitufe vinne vya uwiano, 4, 8, 12 na 20, na mafundi watundu waligundua kwamba ukivibonyeza vyote kwa pamoja saketi inachanganyikiwa vizuri: ngoma za chumba zinalipuka, sauti ya mtu inapata makucha. Putnam hakuiuza mashine kwa sifa hiyo. Ni ajali iliyopata wapenzi.

Fairchild 670 ya Rein Narma, mhandisi mzaliwa wa Estonia, nitaipitia haraka kwa sababu wengi wetu hatutaiona ila pichani: valvu 20, uzito wa karibu kilo 30, na leo moja iliyo nzima inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Ndugu yake mdogo, 660, alikuwa Abbey Road wakati Beatles wanarekodi, na ngoma za Ringo Starr za mwaka 1966 zilipita humo zikatoka zikihema. Kompresa ya meza za kuchanganyia sauti za SSL, kampuni ya Uingereza, nayo ni habari nyingine. Hiyo huwekwa mwishoni, juu ya wimbo mzima, ibane desibeli mbili au tatu, na vyombo vilivyokuwa vimetawanyika visikike kana kwamba vimekaa chumba kimoja. Mafundi huiita gundi.

Sasa njoo kwenye kompyuta. Pro Tools, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, ilitoka mwaka 1991. Mwaka 1994 kampuni ya Waves ya Israeli ikatoa L1, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hatua ya kwanza ambapo programu ilifanya jambo ambalo boksi la kawaida haliwezi. Kwa kuwa sauti imeshakuwa namba ndani ya kompyuta, programu inaweza kuichelewesha kidogo na kuchungulia mbele, ikaanza kubana kabla kilele hakijafika. Ndicho kile alichokuwa nacho mwimbaji wa taarab: kujua linalofuata. Boksi la kawaida halina ujuzi huo. Linasubiri lipigwe ndipo lijibu. Mwaka 1996 Steinberg ya Ujerumani ikaleta VST, mlango uliomruhusu yeyote kutengeneza plagini yake, na mwaka 2001 Universal Audio, jina la Putnam lililofufuliwa na wanawe, ikatoa kadi ya UAD-1 iliyochomekwa ndani ya kompyuta kuendesha nakala za maboksi ya baba yao. Kadi ilihitajika kwa sababu prosesa za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kutosha. Leo laptopu ya kawaida inaendesha nakala ishirini za 1176 huku ukicheza video pembeni.

Je, nakala hizo kweli ni nakala? Hapa ndipo wapenzi wa chuma walikuwa na haki, na kwa sehemu bado wanayo. Rekodi ya kiwango cha 44,100 inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, yaani kipimo kimoja kila mikrosekunde 22.7. Ataki ya 1176 ni mikrosekunde 20. Maana yake, boksi la mwaka 1967 linaweza kumaliza kubana kabla kompyuta haijafika kwenye kipimo chake cha pili! Tena kubana kwa haraka namna hiyo kunazaa sauti mpya za juu ambazo hazikuwepo. Kwenye chuma, sauti hizo zinapanda hadi kusikosikika na kupotelea huko. Kwenye kompyuta kuna dari la hezi 22,050. Sauti inayotaka kupita hapo inagonga dari na kurudi chini mahali isipotakiwa. Ya hezi 30,000 inarudi kama hezi 14,100, na haina uhusiano wowote na noti inayoimbwa. Moja haisikiki. Lakini panga njia arobaini za sauti, kila moja na kompresa yake, na juu ya miksi kunatanda kitu kama vumbi la kioo. Plagini za zamani zilikuwa hivyo, na watu waliosema "dijitali ni baridi" mwishoni mwa miaka ya 1990 hawakuwa wakiota.

Dawa ilipatikana: programu inapandisha kipimo ndani kwa ndani, mara nne au nane, inabana huko juu kwenye nafasi, inachuja, kisha inashuka. Nzuri za leo zinafanya hivyo kimyakimya, au zinakupa swichi. Ukiwa na plagini isiyo na swichi hiyo wala maelezo yoyote, usiisukume sana.

Niliwahi kujiaibisha kwa jambo hili. Niliazimwa boksi, nakala ya kisasa ya 1176, nikapitisha humo sauti ileile niliyokuwa nimeibana kwa plagini, nikaketi kulinganisha. Chuma kilishinda kila mara. Nikamwita rafiki yangu aje asikie, nami nikiwa na hotuba tayari kuhusu transfoma na uhai. Yeye hakusikiliza hotuba, akapima: chuma kilikuwa juu kwa karibu desibeli moja. Sikio la binadamu likisikia kilicho juu kidogo, linakiita kizuri zaidi. Akazisawazisha, akageuza skrini nisiione, akanichezea mara kumi. Nikapatia sita. Sarafu nayo ingeweza kupatia sita.

Kipimo kimoja cha chumbani hakifungi kesi, na sitaki mtu aondoke hapa akisema chuma ni ushirikina. Ukisukuma kwa nguvu, tofauti inajitokeza: vitufe vyote vinne vikiwa vimebonyezwa, besi nzito ikipita kwenye transfoma, valvu ikikaribia kukata. Huko pembeni saketi halisi ina utovu wa nidhamu ambao hesabu bado inauiga kwa shida. Aidha hakuna LA-2A mbili zinazofanana. Vijiwe vinazeeka kila kimoja kivyake, na plagini ni nakala ya boksi moja la mtu mmoja siku moja. Ila jiulize ni mara ngapi kwa mwezi unasukuma hivyo. Kwa sauti ya kuimba inayobanwa desibeli 3 hadi 6, kazi tuifanyayo siku nyingi, pesa ya boksi ingefanya makubwa zaidi kwenye kuta za chumba na spika. Mara nyingi fundi hukosa kuijua kompresa kwa sababu chumba chake kinamdanganya. Hasikii ataki, anasikia mwangwi wa dirisha.

Tena kuna mazingira. Boksi la valvu linataka umeme uliotulia, na sisi tunajua umeme wetu. Stabilaiza si anasa, ni sehemu ya bei. Ukikaa Mombasa au Unguja, ongeza chumvi ya bahari inayokula swichi na nobu hadi zikwaruze. Boksi moja linabana sauti moja kwa wakati mmoja. Ukitaka mbili, nunua mawili. Na msanii akirudi baada ya miezi sita akitaka "miksi ileile, ila nishushe kidogo kwenye kiitikio", mwenye plagini anafungua faili na kumaliza kabla chai haijapoa. Mwenye boksi anatafuta daftari alimochora mahali nobu zilipokuwa. Hii ni miongoni mwa sababu zilizomhamisha hata Andrew Scheps, Mmarekani aliyechanganya kazi za Adele na Red Hot Chili Peppers. Alikuwa na chumba kilichosheheni chuma cha thamani, na sasa anachanganya ndani ya kompyuta peke yake.

Lakini uzee nao una upande wa pili usiosemwa. 1176 ya mwaka 1967 ikiharibika, fundi redio mwenye akili wa Kariakoo, akipewa mchoro, anaweza kubadilisha kapasita na transista ikaimba tena. Plagini ikifa haina fundi. Mwaka 2019 Apple ilipoachana na programu za biti 32, kuna plagini zilizozimika usiku mmoja, na miradi iliyozitegemea ikafunguka ikiwa na mashimo. Kwa wale wanaotumia plagini za wizi hali ni mbaya zaidi: leo inafunguka, kesho inakataa, na keshokutwa imeleta kirusi kwenye diski yenye kazi za wateja. Hili halina sababu ya kuendelea. Programu ya kutengenezea muziki ya FL Studio, iliyolea kizazi kizima cha Bongo Fleva, inakuja na kompresa yake, mwenzake Logic ina kompresa yenye sura saba, zikiwamo zilizofuata nyayo za LA-2A na 1176, na za bure kabisa na halali zipo tele. Mtu anayeshindwa kubana sauti kwa hizo hataokolewa na Fairchild.

Sasa nirudi kwenye uamuzi. Mafundi wa mkanda walikuwa na njia nne za kurekodia, baadaye nane. Sauti ya mwimbaji ilipita kwenye kompresa ikaingia kwenye mkanda ikiwa imeshabanwa, na hakukuwa na kurudi. Kwa hiyo fundi alisikiliza kwa makini kabla, akabana desibeli tatu au nne, akamwachia mwimbaji mengine. Mwimbaji naye alijisikia kwenye hedifoni akiwa ameshabanwa, akaimba kwa kuifuata ile sauti: mnong'ono ulisikika, basi akanong'ona kwa ujasiri. Jambo hili la pili ni zito, na plagini inayowekwa kesho yake haiwezi kulifanya, kwa kuwa uimbaji umeshapita.

Kwenye kompyuta uamuzi huo unasogezwa mbele kila siku. Nimefungua miradi ya vijana wenye vipaji nikakuta sauti moja ina kompresa sita mfululizo, zimenakiliwa kutoka kwenye video ya mtu, kila moja inabana desibeli mbili, na mwenyewe hawezi kusema ya tatu inafanya nini. Ukizima moja, unaogopa. Wimbo unakaa miezi mitatu "unamaliziwa". Chuma kingemponya kijana huyu, kwa sababu tu kingekuwa kimoja. Lakini ugonjwa huo una dawa ya bure: bana kwa plagini moja wakati mwimbaji bado yuko kwenye maiki, ajisikie kwenye hedifoni, kisha ichape sauti hiyo kwenye faili mpya na uifiche ya zamani. Kompyuta zote zinaweza. Kinachokosekana ni kukubali kwamba imeshaisha. Ila angalia ucheleweshaji: plagini inayochungulia mbele inamrudishia mwimbaji sauti yake ikiwa imechelewa, na milisekunde kumi na kitu zinatosha kumvuruga. Kwa kurekodi tumia ile isiyochungulia.

Tumwangalie binti yule wa "niache". Nilimpitisha kwanza kwenye nakala ya 1176 kwa ataki ya wastani: mshale ulilala hadi 12 kwenye lile neno, na pumzi aliyoivuta baada yake ikatoka kubwa kama upepo wa dirishani. Nikajaribu nakala ya LA-2A, kijiwe chake cha hesabu kikachoka kwa "niache" na kuyaacha maneno matatu yaliyofuata chini, yakipanda polepole. Nikawaza boksi lingefanya nini. Lingefanya vilevile, kwa umeme zaidi. Mwishowe nikalikata neno lenyewe kwenye mchoro, nikalishusha desibeli 7 kwa mkono, na silabi ya mwisho, "che", nikaiongezea kushuka mbili. Nikairudisha LA-2A mwishoni. Mshale uligusa 3, ukarudi, na mnong'ono ukakaa juu ya besi bila kusukumwa.